MASTAA WA PACHI, TUPIMIENI! Sio kila mtu anataka debe zima

Leo stori za nani kamuacha nani tuziweke kando kidogo, maana kuna jambo linakula bando zetu kila msimu ukianza na watu wananung'unika chinichini tu. Naongelea pachi. Yale mafaili ya mtaani yanayochukua soka la zamani la PSP, lile la Konami, na kulivalisha Simba, Yanga, Azam na wachezaji wa msimu huu, halafu sisi tunalicheza kwenye simu kupitia PPSSPP. Konami hawahusiki kabisa na mambo hayo. Ni kazi ya vijana wenzetu, na baadhi yao sasa hivi ni mastaa kamili: wana wafuasi, wana misemo yao, wana mabifu yao. Majina sitaji. Wakisoma watajijua, na nyie mtawajua kabla wao hawajajijua.

Lalamiko langu ni moja. Mnatuuzia debe zima wakati sisi tunataka kipimo.

Niko Njisi. Kwa msiopajua, ni huku Kyela mpakani, Kasumulu, ukivuka daraja la mto Songwe umeshaingia Malawi. Huku kila kitu kinapimwa. Mafuta ya kula unapimiwa, sabuni ya mche inakatwa kipande, sukari robo, na mchele wenyewe wa Kyela ambao nyie mnaulilia huko Kariakoo unaweza kununua nusu kilo na muuzaji asikuangalie vibaya. Sijawahi kuona mwenye duka anamwambia mtu kwamba ukitaka robo ya sukari lazima ubebe na dagaa, na chumvi, na kalenda yenye picha yake ukatundike sebuleni. Lakini kwenye pachi ndicho mnachotufanyia, hadi ile kalenda. Kuna mmoja ameweka sura yake kwenye mabango ya uwanja kuzunguka nyasi zote. Kila ukipiga kona unamuona anakuchekea. Kaka, hongera, una meno mazuri, ila mimi nilikuja kutafuta jezi mpya ya Simba.

Tuchambue mzigo wenyewe ili tusije tukaonekana tunalia tu.

Pachi ya soka ya PPSSPP, hata ikipewa jina la kutisha namna gani, ina vitu vitatu. Kuna ISO, yaani gemu lenyewe, na humo ndani ndimo zinamokaa sauti za watangazaji na nyimbo za kwenye menyu. Kuna folda ya SAVEDATA, yenye majina ya wachezaji, nani yuko timu gani, viwango vyao, mfumo wa kocha. Halafu kuna folda ya TEXTURES, ambayo ni picha tupu: jezi, sura, mipira, nyasi, mabango, mandhari ya menyu. PPSSPP yenyewe inaviweka vitu hivi mahali tofauti kabisa. Imefanya hivyo bila kuombwa na mtu. Anayevikusanya na kuvifunga kamba moja, halafu anaandika FULL kwa herufi kubwa, ni staa wetu.

Sasa angalieni uzito. Diski ya PSP, ile UMD, mwisho wake ilikuwa GB 1.8, kwa hiyo ISO ndiyo mzee wa familia. SAVEDATA ni MB chache tu, unairusha WhatsApp kabla chai haijapoa. TEXTURES inategemea tamaa ya aliyeitengeneza. Kuna watu wanaweka nyasi zenye picha kubwa kuliko kioo cha simu inayozionyesha. Sasa linafunguka dirisha dogo la Januari, mchezaji mmoja ametoka klabu moja kwenda nyingine. Kilichobadilika ni nini? SAVEDATA. Tunaletewa nini? Toleo jipya, FULL, kila kitu upya, ISO ileile tuliyonayo tayari, nyasi zilezile, watangazaji walewale wakisema maneno yaleyale.

Tufanye hesabu ya kitoto. Tuseme mzigo ni GB 2 na wewe ulichohitaji ni MB 5 za usajili. Umelipia mara 400 ya ulichokihitaji. Mwenye duka gani angekufanyia hivyo hapa Kasumulu na kesho akafungua?

Najua wapo wanaosoma hapa wakiwa na waya wa intaneti nyumbani na wanajiuliza GB 2 ni kitu gani cha kuandikia makala. Njooni mpakani. Huku ukisogea kidogo upande wa mto, simu inaanza kushika mtandao wa Malawi yenyewe, unakuta ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu na faili lako limesimama. Mvua ya Kyela mnaisikia tu. Ikianza, umeme unaondoka na mnara unakuwa na hasira. Linki nazo zimepitishwa kwenye matangazo matatu, na faili lenyewe limefungwa kwa paswedi, na paswedi iko ndani ya video ya dakika 11 kwenye YouTube, dakika ya tisa, imeandikwa kwa maandishi ya manjano juu ya jezi ya njano. Dogo mmoja wa hapa jirani alishusha mzigo wa namna hiyo usiku, kwa bando la usiku, ukakatika ukiwa kwenye asilimia tisini na kitu. Akaanza upya kesho yake. Alipomaliza na kuufungua kwa ZArchiver, simu ikamwambia nafasi haitoshi. Maana kumbukeni, ili ufungue faili la GB 2 unahitaji nafasi ya lile lililofungwa na nafasi ya kitakachotoka ndani. Simu yake ni ya GB 32, nusu ameshachukua Android mwenyewe, na zilizobaki zina picha za msiba wa bibi yake ambazo hawezi kuzifuta. Alifuta nyimbo zake zote. Ndipo akakuta kwamba kilichobadilika kwenye toleo hilo ni wachezaji wachache na picha mpya ya staa kwenye menyu.

Na bado hatujafika kwenye machungu yenyewe. Maelekezo ya pachi nyingi yanasema: futa kwanza folda ya zamani, yote. Yote! Ndani ya SAVEDATA hiyo kuna Master League ya mtu. Kuna mtu ameibeba timu misimu sita, amewalea vijana, amewauza, amekosa ubingwa kwa pointi moja na akakasirika hadi akakataa kula. Hiyo ndiyo unamwambia afute ili apate bango lako? Wenyewe mnasema ni rahisi, mtu anakili folda pembeni kwanza. Waambieni basi! Iandikeni juu kabisa, kabla ya "gonga kengele".

Watu wananiambia hivi vitu vya kugawa vipande ni vigeni kwetu. Vigeni wapi? Wale mliokaa kwenye mabanda ya gemu enzi za PlayStation 2, kumbukeni memori kadi. MB 8, kitu kidogo kama kiberiti, unakitia mfukoni. Diski ya PES ilikuwa ya mwenye banda, inakaa ndani ya mashine hadi inachubuka. Lakini majina ya kweli na timu za kweli zilikuwa kwenye memori kadi. Konami hakuwa na leseni ya kila klabu, ndiyo maana Liverpool iliitwa Merseyside Red na baadaye Chelsea ikaitwa London FC, na kulikuwa na mtu wa mtaa aliyekaa siku nzima kurekebisha majina na kuchora jezi moja moja. Ukitaka kazi yake, unapeleka kadi, anakunakilia. Hakuna aliyekulazimisha ununue diski mpya. Diski ilikuwa msingi na kadi ilikuwa chaguo. Wale walikuwa na MB 8 na walituheshimu kuliko nyie wenye GB.

Au tuje kwenye basi. Bus Simulator Indonesia mnacheza wote, msijifiche. Gemu la Waindonesia wa Maleo, lakini ukiingia leo unaweza kuendesha basi lenye sura ya yale yanayotoka Kyela alfajiri kwenda Dar. Mnalipata vipi? Basi ni faili lake. Rangi na maandishi ya ubavuni ni picha yake peke yake. Unataka basi, unashusha basi. Umechoka na rangi, unabadilisha rangi, basi linabaki. Hujawahi kulazimishwa kushusha mabasi arobaini ili upate moja. Na wanaotengeneza yale mabasi ni vijana wa hapahapa Bongo. Kwa hiyo uwezo upo, desturi ipo, kwenye soka tu ndiyo mnajifanya haiwezekani.

Sasa nisikilize hoja zao, maana zipo za kweli na zipo za kiburi.

Ya kweli ni hii: ukigawa vipande, watu watachanganya. Mtu atachukua ISO ya huyu, SAVEDATA ya yule, jezi za wa tatu, halafu Simba itaingia uwanjani na jezi ya Yanga, na lawama zote zitamwendea mtengenezaji. Hilo nalikubali bila ubishi. PPSSPP inajua picha gani iwekwe wapi kwa kutumia alama maalumu ya kila picha ya asili, zinaorodheshwa kwenye faili moja linaitwa textures.ini. Ukiigusa ISO vibaya, alama zinabadilika na jezi hazionekani tena. Zaidi ya hapo, ini ni moja kwa gemu moja. Ukitoa kifurushi cha jezi chenye ini yake na kifurushi cha viwanja chenye ini yake, la pili linafuta la kwanza. Aliyewahi kufungua lile faili kwa simu, na kidole gumba, anajua mateso yake.

Lakini dawa ipo na nyie mnaijua. ISO ya msingi iwe moja kwa msimu mzima na iwe na namba. Kila kipande kiandikwe juu kabisa: hiki ni cha msingi namba fulani, usikitie kwingine. Kwenye TEXTURES toeni ini mbili zilizokwisha tayari, moja ya jezi peke yake na nyingine ya kila kitu, mtu achague moja. Huo si uhandisi wa roketi. Mnaopata muda wa kutengeneza utangulizi wenye moto na jina lenu linalozunguka, muda wa kunakili ini mara ya pili mnao.

Na wala sisemi kila kitu kigawanywe. Hapa natofautiana na wale wenzangu wanaotaka hadi viatu vya mshambuliaji viwe na kifurushi chake. Pachi yenye chaguo arobaini ni ugonjwa mwingine. Mtu anakaa nusu saa anachagua, halafu mambo yakiharibika hakuna anayejua kipi kimeharibu. Kitu kinachozuia gemu kukwama hakina uchaguzi, kiwe kwenye msingi, kila mtu akipate. Usajili kwenye folda yake. Jezi na sura. Utangazaji. Viwanja na makorokoro mengine. Basi, imetosha. Mwenye simu kubwa avichukue vyote kwa linki moja iliyoandikwa FULL, mimi sijakataa hiyo linki iwepo. Nimekataa iwe peke yake.

Utangazaji ndio mgumu, nikiri kwa niaba yenu. Sauti ziko ndani ya ISO, huwezi kuzitoa kama unavyotoa picha. Anayetaka Kiswahili na anayetaka Kiingereza inabidi wapate ISO tofauti. Sawa. Toeni ISO mbili, mtu ashushe moja mara moja kwa msimu, asiiguse tena. Kuna watu wanaipenda ile sauti ya Kibongo inayopiga kelele, na kuna watu, mmoja wao ni mimi, ambao wakisikia mara ya ishirini goli la kichwa linashangiliwa kwa sentensi ileile wanazima sauti kabisa. Kwa nini nibebe mamia ya MB za mtu ninayemnyamazisha?

Hoja ya kiburi sasa. "Hii ni kazi yangu, nimeiona kichwani ikiwa nzima, usinikatekate." Jamani. Kuna gemu moja la kompyuta linaitwa Vampire: The Masquerade – Bloodlines, lilitoka Novemba 2004 likiwa na makosa kibao, na kampuni iliyolitengeneza, Troika, ikafa mwaka uliofuata. Mashabiki wakabaki na gemu bovu wanalolipenda. Mjerumani mmoja akaibeba kazi ya kulirekebisha, bila malipo, na ameibeba kwa miaka mingi mno. Ila pachi yake ilikuwa hairekebishi makosa tu, ilirudisha na vitu ambavyo Troika waliviacha nje na kubadilisha vingine. Watu wakalalamika: sisi tulitaka gemu letu lifanye kazi, hatukuomba gemu lako. Akafanya nini? Hakuwafungia watu nje ya grupu. Ukiisakinisha pachi ile inakuuliza: unataka ya kawaida, yenye marekebisho tu, au ile ya zaidi, yenye nyongeza zangu? Swali moja. Yeye bado anaipenda ile ya zaidi, na wengi wanaichagua, lakini wanaichagua. Maono yake hayajakatwa hata nywele moja.

Na hiyo ni ya mtu aliyekuwa na haki ya kuringa. Nyie msisahau kwamba mnayoyashona yote yako juu ya shati la mtu mwingine. Gemu ni la Konami, nembo ni za vilabu, sauti mnazijua mlikozitoa. Sisemi muache. Nasema mtu aliyechukua kipande cha kila mtu asikasirike sisi tukiomba kipande.

Kuna hoja ya pesa pia, na hii watu wanaiogopa kuitaja. Linki moja kubwa inapitisha watu wote kwenye mlango mmoja wa matangazo na video moja. Hiyo ndiyo riziki. Naielewa, mtu hawezi kukaa usiku anachora jezi kumi na sita za ligi halafu asipate hata ya vocha. Lakini fikirini kama muuza duka. Anayepimia anauza mara nyingi kuliko anayeuza gunia. Leo mtu anakuja kwenu mara moja mwanzo wa msimu, akifanikiwa kushusha anapotea hadi mwakani, maana hana bando la kurudia. Mkitoa SAVEDATA ya MB 5 kila mabadiliko yakitokea, atakuja mwezi wa nane, atakuja Januari, atakuja kocha akifukuzwa. Milango mingi, wapitaji wengi. Na wale wanaopenda kazi yenu, wekeni namba ya kuchangia, tutatuma tulichonacho. Huku kwetu mtu akikupa kitu kizuri unamwambia ndaga fijo, na unarudi kwake tena.

Halafu kuna hili la kwetu kabisa, ambalo nyie wa Dar hamliwazi. Katika pachi nyingi, timu zinazopewa jezi za kweli ni Simba, Yanga na Azam. Zikizidi sana mbili tatu juu yake. Waliobaki wanapakwa rangi moja kama ukuta wa shule. Mbeya City, timu iliyopanda na msimu wake wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu, 2013/14, ikamaliza ya tatu mbele ya Simba, nimeikuta kwenye pachi moja imevaa nyeusi. Nyeusi! Zambarau ile inayojaza Sokoine imekwenda wapi? Sasa huyo staa simlaumu kwamba hajui, hawezi kujua kila kitu. Namlaumu kwa kuufunga mlango. Kama jezi zingekuwa kifurushi chao chenye maelezo, kijana wa Mbeya angechora zambarau yetu jioni moja akairusha, na kila mwenye msingi namba ileile angeiweka. Badala yake, akitaka kurekebisha jezi moja inabidi atengeneze pachi nzima mpya, aishushe GB 2, aipandishe GB 2, na staa amuite mwizi.

Tena vukeni Songwe. Vijana wa Karonga wanakuja huku kila siku, wanacheza na sisi, wengine Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha baadhi ya watangazaji wenu. Wao wanataka Bullets na Wanderers, wanataka Karonga United yao. Hakuna staa wa Dar atakayekaa kuchora ligi ya Malawi, na sio kazi yake. Lakini kijana mmoja wa Karonga angeweza kuchora timu hizo juu ya msingi wenu, kikawa kifurushi chake yeye, na hapo Kasumulu tukapiga Mbeya City dhidi ya Karonga United mechi ya mpakani. Hiyo mechi mimi ningeilipia. Kwa pachi zenu za debe moja haitakuja kuchezwa.

Wakati tunawasubiri wakubwa, niwape wadau njia ya kujipimia wenyewe. Toleo jipya likitoka, msikimbilie. Ulizeni kwenye grupu kama ISO imebadilika. Kama haijabadilika, tafuteni mmoja mwenye intaneti nzuri alishushe lote, awakatie folda ya SAVEDATA peke yake, wengine mnairusha kwa Xender au WhatsApp. Kabla ya kubandika, nakilini folda yenu ya zamani pembeni na muipe jina la tarehe. Simu ikianza kukwama na kuchemka, ingieni kwenye mipangilio ya PPSSPP, sehemu ya zana za watengenezaji, mzime ile ya kubadilisha picha. Jezi mpya zitaondoka na zile za asili zitarudi, lakini usajili utabaki na gemu litakimbia. Ni uchaguzi wa kikatili, jezi zote au hakuna hata moja, ila angalau umeuchagua mwenyewe.

Na kwa mastaa: msimu ujao, kabla hamjapandisha lile GB 2, toeni SAVEDATA peke yake siku ya kwanza. Bila paswedi. Hesabuni walioishusha siku tatu, halafu toeni FULL na mhesabu tena. Namba zikisema watu wanataka debe, mimi nitanyamaza na nitalibeba debe lenu kichwani hadi ng'ambo ya daraja.

Wewe unayesoma, andika hapo chini: simu yako ina GB ngapi, na pachi unayocheza ina uzito gani? Na yule mwenye ile zambarau ya Mbeya City iliyochorwa vizuri, tafadhali irushe hapa, MB zake nitazilipia mimi.